Kutoka uwanjani hadi bungeni: mwanamichezo mwenye ulemavu anapoomba kura



Katika somo la toleo hili tunataka kutazama swali ambalo vikundi vyetu vya mazungumzo hapa Lubumbashi vimelirudia mara nyingi. Mwanamichezo aliyepata jina akiingia katika siasa, anakuja na nini, na anaacha nini mlangoni? Na ikiwa mwanamichezo huyo anatembea kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu, je, njia yake ni ileile?

Somo linaweza kusomwa kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja, watu wakisimama kujadiliana wanapotaka. Si lazima kulimaliza kwa siku moja. Sisi wenyewe tulilisoma kwa majuma mawili, na juma la pili lilikuwa na kelele zaidi kuliko la kwanza.

Tuanze na tunayemjua

Katika mji wetu hakuna haja ya kueleza kwamba mpira na siasa ni majirani. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa TP Mazembe mwaka 1997, na mwaka 2007 akawa gavana wa Katanga, kiti alichokaa mpaka 2015. Lakini yeye alikuwa mfanyabiashara na kiongozi wa timu, hakuwa mchezaji wake. Mfano ulio karibu zaidi na somo letu ni Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe na wa timu ya taifa.

Desemba 2010 Kidiaba alilinda goli la Mazembe huko Abu Dhabi, wakati timu yetu ilipokuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Waliwashinda Pachuca ya Meksiko, wakawashinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, kisha Inter Milan ikawafunga 3 kwa 0. Mwaka 2015 alikuwa golini tena Kongo ilipochukua nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Halafu, katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, wapigakura walimchagua kuwa mbunge katika Bunge la jimbo la Haut-Katanga.

Dunia ilimkumbuka hasa kwa namna yake ya kusherehekea bao: anaketi chini, miguu mbele, anarukaruka uwanjani kwa makalio. Watoto wa Kamalondo na wa Kenya waliiga kila jioni. Mzee mmoja wa kikundi chetu, ambaye tangu utotoni anajisogeza kwa mikono kwa sababu ya polio, alituambia akicheka kwamba yeye amesherehekea hivyo maisha yake yote na hakuna aliyempigia makofi. Tulicheka pamoja naye. Kisha tukanyamaza kidogo, na hapo ndipo somo hili lilipoanza.

Kwa nini watu humpa mchezaji kura? Sababu ya kwanza ni kwamba wanamjua. Mgombea wa kawaida hutumia miezi na fedha nyingi ili jina lake lifike Ruashi, Katuba na Kampemba; jina la kipa limefika zamani. Sababu ya pili ina uzito zaidi kwa sisi tunaofanya kazi ya amani. Mchezaji mzuri hushangiliwa na watu ambao katika mambo mengine hawasalimiani. Wazee wetu hawajasahau miaka ya 1992 na 1993, ambapo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka nyumba zao hapa Katanga, wakalala katika vituo vya treni wakingoja mabehewa, na wengi wakafa njiani. Maneno ya "mwenyeji" na "mgeni" yalikuwa maneno ya siasa kabla hayajawa mapanga. Katika mji wenye kumbukumbu ya namna hiyo, mtu ambaye jina lake linapendwa pande zote mbili ni mali adimu. Na mali adimu ina wengi wanaoitaka.

Mruka juu wa Fiji

Sasa tuende mbali kidogo, mpaka visiwa vya Fiji katika bahari ya Pasifiki, kwa sababu huko ndiko kuna mtu aliyeitembea njia hii yote.

Iliesa Delana alikuwa na umri wa miaka 3 alipopoteza mguu wake wa kushoto katika ajali ya basi. Alikua akiruka kwa mguu mmoja. Mwaka 2012, katika Michezo ya Paralimpiki ya London, aliruka juu mita 1.74. Mhindi mmoja aliruka urefu uleule, lakini Delana alikuwa na makosa machache zaidi katika majaribio yake, hivyo dhahabu ikawa yake. Fiji haikuwa imewahi kupata medali yoyote, si katika Olimpiki wala katika Paralimpiki. Wachezaji wao wa raga waliosifiwa dunia nzima walingoja mpaka 2016 kupata dhahabu yao ya Olimpiki. Wa kwanza alikuwa mtu wa mguu mmoja.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2014, Delana alichaguliwa bungeni na kufanywa naibu waziri wa vijana na michezo. Ni habari njema, na mara nyingi huishia hapo inaposimuliwa. Lakini somo halipaswi kuishia hapo.

Fiji ilikuwa imepata mapinduzi mwaka 1987, tena 2000, tena Desemba 2006. Chini ya mapinduzi hayo ulikuwako ugomvi wa wenyeji wa visiwa na wananchi wenye asili ya India, ambao babu zao waliletwa kulima miwa. Maneno ya "mwenyeji" na "mgeni" tena. Uchaguzi wa 2014 ulikuwa wa kwanza tangu mapinduzi ya 2006, na Delana aligombea kwa chama cha FijiFirst, ambacho kiongozi wake alikuwa yuleyule mwanajeshi aliyefanya mapinduzi, Frank Bainimarama. Wengine wanaweza kusema kwamba bingwa alikubali kuwa pambo la mtu wa bunduki. Wengine watajibu kwamba alichukua mlango uliofunguka, na kwamba mtu asiyeingia ndani ya nyumba hawezi kusogeza kiti. Katika kikundi chetu tuligawanyika karibu nusu kwa nusu, na hatutawaficha kwamba waliokuwa na ulemavu walikuwa wengi upande wa pili. Mama mmoja anayeuza mkaa alisema: "Ninyi mnaotembea mna nafasi ya kuchagua mlango."

Kuna jambo jingine katika habari ya Fiji ambalo halionekani haraka. Nchi nzima ilikuwa eneo moja la uchaguzi lenye viti 50. Mpigakura alimchagua mtu mmoja, lakini kura yake ilihesabiwa kwanza kwa chama, na chama kilichokosa asilimia 5 hakikupata kitu. Bainimarama peke yake alipata kura zaidi ya 200,000, na chama chake kikapata viti 32. Kwa hesabu hiyo, watu wengi wa orodha yake waliingia bungeni kwa kura zao wenyewe chache sana, wakibebwa na kura za mkubwa. Delana alikuwa mmoja wao. Basi tujiulize: mbunge wa namna hiyo, anapotaka kupinga jambo ndani ya chama, anasimama juu ya nini?

Swali hilo si la Fiji peke yake. Kwetu pia mpigakura huweka alama mbele ya jina la mtu mmoja, lakini kura hujumlishwa katika orodha, na tangu sheria ya uchaguzi ilipobadilishwa mwaka 2017 orodha isiyofikia kiwango cha chini hutupwa pamoja na kura zake zote. Mtu anaweza kupendwa sana katika komini yake na bado akabaki nje kwa sababu orodha yake ni dhaifu. Kwa hiyo anayetaka kuingia hutafuta orodha yenye nguvu, na wenye orodha zenye nguvu hutafuta majina yanayopendwa. Ni soko. Tusimlaumu mwanamichezo kwa kuuza kabla hatujauliza nani alipanga bei.

Sheria yetu inasema nini

Hapa tunawaomba wasomaji wavumilie kidogo, kwa maana katika mikutano mingi tumeona watu wakidai haki ambayo tayari imeandikwa, bila kujua kwamba wanaweza kuishika mkononi na kuionyesha.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupewa ulinzi wa pekee kulingana na mahitaji yake. Kisha inasema Taifa lina wajibu wa kuendeleza uwepo wa watu wenye ulemavu katika taasisi za nchi, za jimbo na za mahali. Haikusema "likipenda". Ilisema wajibu. Kifungu hichohicho kiliagiza sheria ya utekelezaji. Sheria hiyo, namba 22/003, ilitoka tarehe 3 Mei 2022. Hesabuni wenyewe: miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku ya Katiba alikuwa anakaribia kumaliza masomo ya sekondari, kama kulikuwa na shule yenye mlango alioweza kupita.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2015, Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 29 cha mkataba huo kinahusu siasa: kupiga kura, kugombea, kushika madaraka. Kifungu cha 30 kinahusu utamaduni na michezo. Vimefuatana, kama nyumba mbili za kiwanja kimoja. Na mwaka 2019 serikali ya nchi ilipata kwa mara ya kwanza waziri mjumbe wa kushughulikia watu wanaoishi na ulemavu, Irène Esambo, mwanasheria ambaye yeye mwenyewe anaishi na ulemavu.

Lakini tazameni tena Katiba. Kifungu cha 197 kinaruhusu Bunge la jimbo kuwa na wajumbe walioingizwa bila kura ya wananchi, wasiozidi sehemu moja ya kumi, na viti hivyo hutumiwa kwa ajili ya wakubwa wa mila. Tunawaheshimu wakubwa wa mila. Tunataja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba walioandika Katiba walijua kutenga viti walipotaka. Kwa mwami waliandika kiti. Kwa mtu mwenye ulemavu waliandika wajibu wa kuendeleza. Na Bunge la jimbo si mahali padogo: ndilo linalochagua gavana na maseneta.

Majirani walifanyaje

Uganda walichagua njia ya viti. Katiba yao ya 1995 ilifungua nafasi kwa makundi maalumu, na tangu 1996 watu wenye ulemavu wana wabunge 5 wao, ambao kati yao lazima awemo mwanamke. Wanachaguliwa na wajumbe kutoka vyama vya watu wenye ulemavu. Hata katika mabaraza ya chini, mpaka karibu na kijiji, kuna nafasi mbili, moja ya mwanamume na moja ya mwanamke. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bunge hilo mwaka 1996 na kurudi tena na tena. Na katika Bunge lililoanza mwaka 2021 aliingia Bumali Mpindi, ambaye wapenda michezo walimjua kwanza kama rais wa Kamati ya Paralimpiki ya Uganda. Huo ndio mfano ulio karibu nasi zaidi wa mtu aliyetoka katika michezo ya watu wenye ulemavu akaingia bungeni.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba mtu hasubiri huruma ya mwenye orodha. Ubaya wake ni kwamba wanaompigia kura ni wachache, na wachache ni rahisi kuwaalika chakula cha jioni.

Kenya walichanganya. Katiba yao ya 2010 inatenga nafasi mbili katika Seneti, mwanamume na mwanamke, na kuna wabunge wa kuteuliwa pia. Lakini mwaka 2013 Timothy Wanyonyi, anayetumia kiti cha magurudumu, alishinda kiti cha Westlands mjini Nairobi kwa kura za watu wote wa eneo hilo, wenye ulemavu na wasio nao. Katika kikundi chetu mfano huu uliwagusa vijana kuliko wote. Walisema kiti kilichotengwa kinakufanya uwe mbunge wa walemavu, lakini Westlands ilimfanya kuwa mbunge wa barabara, wa maji na wa soko. Wazee hawakukubali. Walisema kwanza ingia, ya barabara yatakuja.

Voliboli ya kuketi

Tulipofika hapa mwezeshaji wetu aliona watu wamechoka na sheria, akaleta mpira.

Voliboli ya kuketi huchezwa na watu 6 kila upande. Uwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume uko mita 1.15 tu kutoka chini. Kanuni kubwa ni moja: unapopiga mpira, sehemu ya kiwiliwili chako kati ya makalio na mabega lazima iwe inagusa sakafu. Ukijiinua, umekosea. Anayejua kutembea hana faida yoyote, na mara nyingi ana hasara, kwa sababu hajazoea kujisogeza kwa mikono. Mzee wetu wa polio, yuleyule, aliwafunga vijana watatu wenye miguu yao yote. Safari hii alipigiwa makofi.

Rwanda ilipeleka timu ya mchezo huu London mwaka 2012. Ndani yake walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukondo. Bizimana aliingia vitani akiwa kijana mdogo upande wa RPF. Rukondo alikuwa mwanajeshi wa serikali iliyopigana na RPF. Kila mmoja alipoteza mguu katika vita ileile, kwa upande wake. Miaka mingi baadaye walikuwa wanapeana mpira katika timu moja, na wanasema wao ni marafiki. Bizimana amewahi pia kuwa rais wa Kamati ya Paralimpiki ya nchi yake.

Tunataja habari hii polepole, maana ni rahisi kuifanya tamu kupita kiasi. Voliboli haikuleta haki Rwanda, wala haikurudisha mtu kutoka kaburini. Ilichofanya ni kazi ndogo lakini ya kweli: iliwaweka watu wawili mahali ambapo kila mmoja alihitaji mkono wa mwenzake mara mia kwa siku, kabla hawajaombwa kuzungumza juu ya yaliyopita. Sisi wa mikutano huwa tunaanza na mazungumzo. Pengine ndiyo sababu watu wengi huja kwetu mara moja tu.

Na kumbukeni kwamba uongozi wa chama cha michezo ni shule ya siasa. Mtu anayeongoza timu ya watu wenye ulemavu hujifunza kuandika barua kwa ofisi ya komini, kuomba uwanja, kugawa fedha kidogo mbele ya macho ya watu wengi wenye shida, kuamua nani asafiri na nani abaki. Vivyo hivyo wafanyabiashara wenye ulemavu wa mpaka wa Goma na Gisenyi, na wale wa kivuko cha Kinshasa na Brazzaville, na baiskeli zao kubwa za magurudumu matatu zinazobeba magunia. Kukaa na watu wa forodha na kujadiliana juu ya ushuru ni siasa, hata kama hakuna kamera. Kongo ilipeleka wanamichezo Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012, nao walikuwa wawili. Tukingoja bingwa wa dhahabu ndipo tupate kiongozi, tutangoja sana. Katibu wa timu ya mtaani yuko tayari leo.

Kosa letu wenyewe

Tungependa kusema kwamba sisi tulijua haya tangu mwanzo. Hapana.

Zamani kidogo tuliandaa mkutano juu ya uchaguzi wa amani. Tulimwalika kijana mmoja mwanariadha wa kiti cha magurudumu afungue mkutano kwa ushuhuda. Ukumbi tuliokodi ulikuwa na ngazi saba mlangoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa amezihesabu. Vijana wanne walimbeba pamoja na kiti chake, mbele ya watu wote, naye alikuwa amevaa suti. Alitoa ushuhuda wake, watu wakalia, tukapiga picha. Kisha ukaanza mjadala wenyewe, juu ya vijana wanaolipwa kuvuruga mikutano ya wapinzani katika komini zetu. Hakuna aliyemuuliza maoni yake. Saa sita akaomba kubebwa tena, akaenda.

Baada ya majuma kadhaa tulimtembelea kumwomba radhi. Hakukasirika, jambo lililotuumiza zaidi. Alituambia kwamba katika mtaa wake, baadhi ya vijana wanaolipwa kuvuruga mikutano ndio walewale wanaomsukuma barabarani akifanya mazoezi asubuhi. Anawajua kwa majina, anajua nani anawalipa na kiasi gani. "Mliniita nieleze mguu," alisema. "Sikuitwa kueleza mtaa."

Tumeandika maneno hayo ukutani katika ofisi yetu. Hatujui kama yanatosha.

Hata palipo na vyeo vikubwa, ngazi hubaki. Tanni Grey-Thompson wa Uingereza ana medali 11 za dhahabu za Paralimpiki katika mbio za kiti cha magurudumu. Mwaka 2010 aliingia katika Nyumba ya Malodi, na akachagua kukaa katika viti vya wasio na chama, kwa hiyo hakuna kiongozi wa chama anayemwamuru namna ya kupiga kura. Katika kikundi chetu wengi walisema hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Lakini Agosti 2024, akiwa safarini kuelekea Michezo ya Paris, treni yake ilifika kituo cha King's Cross mjini London na hakuna mfanyakazi aliyekuja na daraja la kumshusha. Alingoja. Kisha akashusha vitu vyake, akajiburuta kwa mikono mpaka kwenye sakafu ya kituo. Dhahabu 11, kiti katika Bunge la nchi tajiri, na bado.

Kijana wetu aliposikia habari hiyo alifurahi kwa namna ambayo hatukuitazamia. Alisema sasa anajua kwamba ngazi si mambo ya Lubumbashi peke yake.

Kwa ajili ya kikundi chenu

Kabla ya kukutana, mtu mmoja aende mahali pa mkutano akahesabu ngazi, apime upana wa mlango, aangalie choo. Ikiwa hapafai, kutaneni nje chini ya mti, au uwanjani. Ikiwezekana chezeni kwanza voliboli ya kuketi kwa nusu saa: kamba yoyote inatosha kuwa wavu, na mistari huchorwa kwa mkaa. Asiyetaka kucheza asilazimishwe. Akina mama wengine kwetu walileta kitenge cha pili cha kufunga juu ya nguo, nao wakacheza vizuri kuliko waume zao.

Mwezeshaji asianze kwa kuuliza mtu mwenye ulemavu alipataje ulemavu wake. Kama anataka atasema. Katika Haut-Katanga sababu ni nyingi: polio, mabomu ya kutegwa ardhini, mashimo ya wachimbaji, pikipiki. Virusi vya polio vya asili vilionekana nchini mwetu kwa mara ya mwisho mwaka 2011, ingawa polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika bado imeonekana mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Basi wakati wa kampeni mpelekeni mtoto akachanjwe. Kwa ajili ya somo hili, swali lenye faida zaidi ni lile la mtaa.

Kisha zungumzeni. Mtu gani katika komini yenu anajulikana na watu wa makabila yote, na je, kuna chama ambacho tayari kimemfuata? Kama Delana angekuwa ndugu yenu, mngemshauri akubali nafasi katika orodha ile ya 2014, au angoje? Ninyi mngependa viti vilivyotengwa kama vya Uganda, au kura ya watu wote kama ya Westlands, na je, wale wenye ulemavu kati yenu wanajibu sawa na wengine? Someni pia kifungu cha 49 kwa Kifaransa, mtu mmoja akitafsiri kwa Kiswahili cha hapa kwetu, na tafuteni pamoja neno la kutafsiri wajibu. Kwetu lilizua ubishi wa dakika 40, kwa sababu wengine walitaka kusema "deni", na mwenye nyumba akawasha taa kabla hatujaamua.